Ile raba ngumu ya njano ya bushi na rola: bei yake inapangwa wapi, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuingilie wapi?

BushiUyole

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Uyole, Mbeya, nauza vipuri vya malori. Hakuna bidhaa inayonigombanisha na wateja kama zile bushi (vipete vinavyokaa kati ya vyuma vya gari visisagane) za plastiki ngumu inayonesa, za njano, nyekundu au buluu. Mtu ananunua Machi kwa bei hii, anarudi Agosti anakuta nyingine, anaona nimemlalia. Malighafi yake ni poliuretani, na kundi hili linalovutika na kurudi huitwa elastoma. Ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye chekeche za karasha Chunya, kwenye sili za haidroliki za katapila, kwenye magurudumu ya foklifti, na kwenye baadhi ya rola za mashine za kukoboa mpunga kule Igurusi na Ubaruku. Kava laini la simu yako lililoanza kugeuka njano, huenda nalo ni la ukoo huo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga apinge. Kemikali yenyewe hatutaitengeneza, tusidanganyane. Wanaoitengeneza duniani wanahesabika, na bei wanaipanga wao. Ila hatua ya mwisho, ya kusubu umbo (kumimina kwenye kalibu) na kuvisha chuma upya, hiyo inawezekana hapahapa Mbeya, na ndipo palipo na faida nono kwa kila kilo.

Kwa nini wanahesabika? Lawama kubwa iendee fosijini. Nusu ya poliuretani ni isosayaneti. Kuipata unaanza na benzeni inayotoka kwenye mafuta ghafi, unaigeuza nitrobenzeni, kisha anilini, unaikutanisha na fomalini, halafu unaingiza fosijini, gesi ileile iliyoua wanajeshi kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Gesi hiyo kwa kawaida hutengenezwa na kutumika ndani ya uzio mmoja, maana hakuna anayetaka ipite barabarani. Kiwanda cha namna hiyo hakijengwi kwa mkopo wa saccos. Ndiyo maana MDI, isosayaneti inayotumika zaidi, imeshikwa na Wanhua ya Yantai nchini China, BASF na Covestro za Ujerumani, Huntsman na Dow za Marekani, na wengine wachache nyuma yao. Wanhua ndiye mkubwa wao, na tangu 2011 anaimiliki BorsodChem ya Hungaria, kwa hiyo hata "mzigo wa Ulaya" unaweza kuwa wake. Covestro ilitoka tumboni mwa Bayer mwaka 2015. Chimbuko lake ni Leverkusen, ambako Otto Bayer na wenzake walivumbua poliuretani mwaka 1937 (jina limefanana tu, hakuwa wa ukoo wa mwanzilishi wa kampuni). Mwaka 2024 ADNOC, kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi, ilikubali kuinunua kwa euro 62 kwa hisa. Mwenye visima anapofuata plastiki, mjue anaangalia siku ambayo magari yatakunywa petroli kidogo.

Sasa wakiwa wachache hivyo, kiwanda kimoja kikizimwa wote tunasikia. Februari 2021 baridi kali ilipiga Texas, umeme ukakatika, viwanda vya kemikali vya pwani ile vikasimama, poliuretani ikaadimika hadi kwenye viti vya magari. 2022 vita vya Ukraine vikapandisha gesi Ulaya, na Februari 2023 BASF ikatangaza kufunga kiwanda cha TDI cha Ludwigshafen chenye uwezo wa tani 300,000 kwa mwaka. TDI ni isosayaneti nyingine, na wengi humu mnailalia: ni ya magodoro, ingawa hata elastoma za kusubu zinaitumia. Mwisho wa 2023 meli zikaanza kukwepa Bahari ya Shamu. Meli ya kutoka China kuja Dar haipiti huko, lakini zilipolazimika nyingine kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, meli na makontena vikawa haba na nauli ikampanda kila mtu. Mteja wangu wa Uyole hayo yote anayasikia kwa kauli moja tu: "bei imebadilika."

Kuna hili huwa nawachekesha nalo dukani. Nusu ya pili ya poliuretani ni polioli, na moja ya zile nzuri zaidi ni PTMEG, inayotengenezwa kwa kemikali iitwayo BDO. Mlaji mkubwa wa PTMEG duniani ni uzi wa nguo za kubana. Mwaka 2021 watu walivaa nguo za kukaa nyumbani na za mazoezi, viwanda vya uzi China vikala PTMEG yote, na BDO ikapaa. Kwa hiyo skintaiti na bushi ya Scania zinagombea pipa moja. Mwenye skintaiti anashinda, kwa kuwa wako wengi.

Msiniulize soko zima lina thamani gani. Kampuni zinazouza ripoti zinapishana kwa mabilioni ya dola, kwa sababu huyu amehesabu soli za viatu, yule kaziacha, wa tatu katia na sponji. Kinachoeleweka ni mgawanyo. Kuna TPU, chembechembe zinazoyeyushwa na kupigwa kwenye kalibu kama plastiki ya kawaida. Hizo ndizo nyingi: viatu, kava za simu, mipira ya hewa na maji, waya. Kuna za kusubu, maji mawili yanachanganywa yakiwa ya moto na kumiminwa. Huku ndiko kwenye rola, chekeche na bushi kubwa. Kuna na za kukandwa kama mpira wa kawaida, hizo ni chache. Kwa matani, TPU na soli zinatawala na China ndiyo mzalishaji na mlaji mkubwa. Sisi tukimbilie za kusubu, kwa sababu hazihitaji mashine ya mamilioni ya dola wala oda ya vipande laki moja.

Na wateja tunao. Malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanayokwenda Dar kwa kawaida yanapita Tunduma na Mbeya. Mgodi wa kokoto wa reli ya TAZARA uko Kongolo. Mafinga kuna mashine za mbao mtaa mzima, Mgololo kuna kiwanda cha karatasi, Songwe saruji, Chunya dhahabu, Mbarali mpunga. TAZARA yenyewe, kilomita 1,860, ilisainiwa 2025 mkataba wa ukarabati na CCECC ya China. Kila mmoja wa hao ana chuma kilichovikwa kitu kinachoisha.

Karibuni.

ChaiYaRungwe

Uzi umeshiba. Naweka kambi hapa.

MpungaMbarali

Mkuu BushiUyole, umeandika vizuri ila kwenye rola za mpunga umepita kwa haraka. Sisi tuliletewa rola za poliuretani kwa maneno matamu, kwamba zinadumu mara mbili na haziachi weusi kwenye mchele. Weusi kweli hazikuacha. Lakini katikati ya msimu, mashine ikiwa inakoboa mfululizo, ile raba iliachana na chuma chake ikatoka nzima kama soksi. Wateja wamepanga foleni na magunia yao, wewe unatafuta spana. Raba ya kawaida inaisha haraka, sawa, lakini inaisha polepole ukiiona.

Kwa hiyo hiyo habari ya kuvisha upya, ungeanza kwa kutuambia kwa nini hizo zilichomoka.

KemiaMlimani

Ndugu MpungaMbarali, nijibu mimi, nimefanya kazi kwenye mambo haya nje ya mkoa kwa miaka kadhaa.

Kuna mambo mawili na watu huyachanganya. La kwanza ni joto la ndani. Rola zako mbili zinazunguka kinyume, moja ina kasi zaidi, na tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayovua pumba. Kila punje ikipita, raba inabonyea na kurudi. Elastoma hairudishi nguvu yote uliyoipa. Iliyobaki inageuka joto, na joto hilo linakaa katikati kwa sababu poliuretani haipitishi joto vizuri. Nyingi za kawaida zikikaa juu ya nyuzi 80 kwa muda mrefu zinaanza kulegea. Kwa nje unagusa unaona iko sawa, kumbe kwenye mshono wa chuma na raba kumeshaiva. Mpira wa kawaida wa rola unavumilia zaidi mateso haya ya kasi. Wajerumani wana aina yao ya zamani inayotumia isosayaneti ya NDI, iitwayo Vulkollan, ambayo haichemki kirahisi na ndiyo inayobeba magurudumu ya foklifti nzito, lakini bei yake hutaipenda.

La pili ni gundi. Chuma kinatakiwa kipigwe mchanga mpaka king'ae, kifutwe mafuta, kipakwe gundi maalumu, kipashwe moto, ndipo kimiminiwe. Ukigusa kwa kidole chenye jasho baada ya kupiga mchanga, umeshaharibu. Raba iliyotoka "nzima kama soksi" inaniambia gundi ilikosewa au haikuwekwa. Ingekuwa joto peke yake ungeona imebaki vipandevipande kwenye chuma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye uzi: usianze na rola za mpunga.

BushiUyole

@KemiaMlimani hapo umenikuta na wazo lenyewe. Nilikuwa nafikiria vyuma vya mwendo wa polepole: rola zinazosukuma mbao kwenye mashine za randa Mafinga, vikwangulio vya mikanda kwenye makaa na saruji, magurudumu ya mikokoteni ya maghala. Kitu kikiwa hakikimbii, poliuretani inaishinda raba mbali sana kwa kutochubuka. Mpunga uje baadaye, kwa mtu ambaye atakubali tumpimie joto la mashine yake kwanza.

Na faida nyingine ya kuvisha upya: chuma ni cha mteja. Hushikilii mtaji kwenye chuma, na hulipii nauli ya chuma kutoka Guangzhou. Unaagiza maji tu, pipa la kilo 200.

DerevaKitonga

Mimi nasema kama dereva. Hizo bushi ngumu mnazozisifu zimewapasulia watu mabano ya springi. Tajiri anasikia "haziishi", anafunga, halafu kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye chasisi. Ukishuka mlima Kitonga umebeba tani zako unasikia kila kitu kinapiga kelele kama kitanda cha gesti. Bushi inatakiwa ife ili chasisi ipone. Huo ndio mtazamo wangu.

BushiUyole

@DerevaKitonga hoja yako ina nusu ya ukweli, kaka. Nusu nyingine ni ya aliyekufungia.

Ugumu unapimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A, namba ikipanda na ugumu unapanda. Nyingi za malori ziko kati ya 80 na 95, na kati ya namba hizo mbili kuna tofauti kubwa sana. Muuzaji asiyekutajia namba anakuuzia rangi. Njano haimaanishi ngumu wala laini, ni unga wa rangi tu. Halafu bushi ya mpira imegandishwa ndani na nje, inajinyonga bila kuteleza. Ya poliuretani mara nyingi inateleza, kwa hiyo inataka grisi. Ikifungwa kavu ndiyo hiyo kelele ya kitanda. Kwa lori la mzigo mzito barabara yetu hii, mimi mwenyewe siuzi ya 95 kwenye springi. Naiuza kwenye sehemu zisizopokea kishindo.

FundiSIDO

Wakuu, niongeze ya karakana, maana wengi wanaishia kwenye video.

Ukiagiza mashine ndogo ya kusubu kutoka China, kijitabu kinasema pampu ya kuvuta hewa lazima geji ifike kwenye hasi 0.95 ya bar ndipo mapovu yatoke. Hapa Mbeya haitafika milele. Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, geji ya kawaida itagota karibu na hasi 0.8 hata kama pampu ni mpya. Watu wanarudisha pampu nzima. Nunueni geji inayosoma shinikizo halisi, siyo inayojilinganisha na hewa ya nje.

Jambo jingine ni baridi. Juni na Julai polioli ya PTMEG inaganda ndani ya pipa kama samli. Makete au Njombe ndiyo usiseme. Unahitaji chumba cha joto au mkanda wa kupasha pipa, na uipashe taratibu, usiwashe jiko chini yake. Masika nayo ina adabu yake: isosayaneti ikikutana na unyevu inatoa hewa ya ukaa, kitu chako kinatoka na matundu kama andazi. Pipa likifunguliwa lifunikwe kwa hewa kavu au nitrojeni. Tukuyu nisingejenga kiwanda hiki hata ukinipa kiwanja bure.

DadaMakambako

Kamweneni. Kabla hamjaanza kununua mapipa, naomba mtu azungumzie afya. Mmetaja fosijini ya huko mbali, ila hiyo mtakayochanganya nyie wenyewe je? Vijana wa gereji wanachanganya rangi bila hata kitambaa puani.

KemiaMlimani

Asante sana dada, hilo lilitakiwa liwe la kwanza.

Isosayaneti zinaleta pumu ya kazini. Ubaya wake si kwamba unakohoa siku hiyo. Mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo sana kinakubana kifua, na hakuna kurudi nyuma; kijana huyo kazi hiyo imeisha. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 24, 2023 umezuia mtu kufanya nazo kazi viwandani bila mafunzo, bidhaa ikiwa na zaidi ya asilimia 0.1. TDI inaruka hewani kirahisi kuliko MDI, kwa hiyo anayeanza aanze na MDI.

Halafu kuna hadina (kigandishi) inayoitwa MOCA. Inauzwa sana pamoja na prepolima (isosayaneti iliyokwisha kuunganishwa na polioli) za TDI kwa kuwa ni rahisi na inatoa raba nzuri. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka kundi la kwanza: inasababisha saratani kwa binadamu. Inapita hata kwenye ngozi. Muuzaji akikuambia bei yake ni nafuu kuliko wengine wote, muulize hadina ni ipi. Akisema MOCA, mwachie. Chukua mfumo wa MDI unaogandishwa kwa BDO, unasumbua kidogo kwenye vipimo lakini unalala ukiwa na amani.

Barakoa ya kitambaa haifanyi kazi hapa. Ni feni ya kufyonza juu ya meza, glovu za nitrili, na barakoa yenye chujio la mvuke.

MizaniTunduma

Na msisahau vibali. Kemikali za viwandani kuingiza lazima usajiliwe na Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi yao ya kanda ipo Mbeya, huna haja ya kupanda basi la usiku kwenda Dar. Poliuretani ghafi inaingia kwenye namba ya forodha 3909.50, MDI ile nzito isiyosafishwa ni 3909.31. Mkiandika "gundi" kwenye nyaraka ili mpunguze ushuru, mzigo utalala bandarini mpaka uishe muda wake, maana prepolima ina miezi yake ya kuishi.

Swali kwa mwenye uzi: ile habari ya Marekani kuichunguza MDI ya China mwaka 2025, inatugusa?

BushiUyole

@MizaniTunduma inatugusa kwa upande mzuri, kwa maoni yangu. Walalamikaji walisema China inaiuza Marekani chini ya bei halali. Mlango ule ukibana, tani zile hazitamwagwa baharini, zitatafuta mnunuzi kwingine, Afrika ikiwemo. Viwanda vya China vimejenga uwezo mkubwa kuliko mahitaji yao. Ila kwa pipa moja moja hutaona unafuu huo. Unafuu unaenda kwa mwenye kontena. Hapo ndipo watu watano wa mikoa hii wakinunua pamoja wanakuwa mnunuzi wa maana. Anayetaka tujadili hilo kwa vitendo aje faragha.

MpungaMbarali

Swali dogo. Nitajuaje nimeuziwa ya poliesta au ya polieta? Kwa maana nimesoma kwamba moja inaoza kwa maji.

KemiaMlimani

Ndiyo, hizo ni aina mbili za polioli: ya poliesta inavumilia mafuta na mikwaruzo vizuri, lakini maji na joto vinaikata taratibu mpaka inakuwa kama jibini bovu. Ya polieta inavumilia maji. Kwa hiyo chekeche za maji Chunya: polieta. Sili ya haidroliki yenye mafuta: poliesta.

Kipimo cha kienyeji: koroga chumvi kwenye maji mpaka isiyeyuke tena, tumbukiza kipande. Ya polieta inaelea, ya poliesta mara nyingi inazama, maana ni nzito kidogo.

FundiSIDO

Mkuu hicho kipimo kinadanganya kama wameweka chokaa ya kujazia. Polieta iliyojazwa chokaa inazama kama jiwe. Na hao wa bei chee wanajaza.

KemiaMlimani

Kweli. Basi kisomeke hivi: ikielea, kuna uwezekano mkubwa ni polieta na haina chokaa nyingi. Ikizama, hujajua kitu, mdai muuzaji karatasi ya vipimo.

ChaiYaRungwe

Wakuu samahani naingilia. Nina jozi kadhaa za buti za kazi, mpya kabisa, zimekaa stoo miaka kadhaa hapa Tukuyu. Juzi kijana kavaa, hajafika hata shambani soli imemomonyoka kama mkate. Ni hiyohiyo poliesta?

KemiaMlimani

Ndiyo hiyohiyo. Soli za poliuretani ya poliesta zinaoza hata bila kuvaliwa, na unyevu wa Tukuyu unaziharakisha. Zilizobaki zikunje soli moja moja kwa nguvu, uibonyeze na kucha. Ikipasuka au ikinata, usimpe mtu. Sehemu ya juu ya ngozi ikiwa nzima, fundi viatu anaweza kuishonea soli ya raba.

DerevaKitonga

Hizo za ngozi ukiziuza nistue, nina fundi Mwanjelwa.